"Mfumo haukosei": hivi hawa watu wa programu ya uhasibu wanatuchukulia sisi ni watu wa namna gani?

Mhasibu wa Migombani (mleta uzi):

Wakuu, nawasalimu nikiwa bado natetemeka mikono, na naomba radhi mapema ikiwa herufi zitaruka, kwa sababu tusi lenyewe ni la saa tano asubuhi ya leo na chai niliyomiminiwa ili nitulie ingali mezani haijaguswa. Kampuni sitaitaja, kwa kuwa mnaijua. Ni ile ile ambayo tarehe ya kukata ada yake ya mwezi ikifika haichelewi hata dakika, lakini ikifika zamu yako ya kudai unaambiwa kwamba wahudumu wote wanawahudumia wateja wengine.

Mimi natunza hesabu za kampuni ndogo ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, hapa Moshi. Wiki iliyopita kiongozi wa kundi la Wajerumani wanne alifika ofisini kulipa salio la ankara yake, dola 2,400, kwa kadi ya mkopo. Nilifungua ankara ndani ya programu, yeye mwenyewe akaingiza namba za kadi, nami nikabonyeza kitufe cha kutoza. Kiduara kikazunguka kama mtu anayetafuta ufunguo alioushika mkononi, kisha yakatokea maandishi mekundu: "Malipo hayakufanikiwa. Tafadhali jaribu tena." Nikajaribu tena, yakafanikiwa, tukashikana mikono, na mgeni akaelekea Machame akiwa na furaha zake.

Kumbe yalikuwa yamefanikiwa mara zote mbili. Mgeni alipanda, akafika Uhuru, akateremka kwa lango la Mweka, akawasha simu yake na kukuta ametozwa dola 4,800, na jioni ile ile kadi yake ikakataliwa hotelini mbele ya wapagazi aliokuwa amewaalika chakula, kwa sababu kikomo chake chote cha mkopo kilikuwa kimekaa kwangu. Wakati huohuo, ile programu, kwa ukarimu ambao hakuna aliyeuomba, ilikuwa imeichukua dola 2,400 ya pili na kuifunga kwenye ankara nyingine ya kundi lile lile iliyokuwa bado inadaiwa, ikaandika kwamba imelipwa, na ikamtumia mwenye ankara hiyo, rafiki wa mgeni wetu, barua pepe ya shukrani kwa malipo ambayo hajawahi kuyafanya. Rafiki huyo, Mungu amzidishie, alijibu kwamba karibu sana.

Haya yote ningeyavumilia. Nimepiga simu kwao leo, nimesubirishwa kwa dakika arobaini na tatu hadi wimbo wao wa kusubirishia nimeukariri na ninaweza kuifundisha kwaya ya usharika sauti zote nne. Bosi alikuwa ameketi kando yangu na spika ilikuwa wazi. Nikaeleza kila kitu kwa upole, muda, kiasi, namba za miamala. Kijana akanisikiliza hadi mwisho, akavuta pumzi, akasema: "Mpendwa mteja, mfumo haukosei."

Mfumo haukosei! Bosi wangu, mzee wa watu ambaye hadi leo anaamini kompyuta inajua dhambi za kila mtu, aligeuka akanitazama kama aliyekuta mkono wangu ndani ya droo ya fedha. Miaka tisa nimefunga hesabu za kampuni hii, urari haujawahi kunipotea hata kwa senti, na leo nimeshindwa kesi na kitufe. Nikamuuliza yule kijana, kama mfumo haukosei, ni nani aliyeandika "tafadhali jaribu tena"? Ni mama yangu? Akanijibu kwamba atanifungulia tiketi ya malalamiko.

Debiti Kulia:

Dada, pole sana, lakini naomba nikuulize kwa heshima zote: mtu akipiga hodi mara mbili, mwenye nyumba akifungua mara mbili, kosa ni la mlango? Wewe ulipoona maandishi mekundu ulitakiwa kwanza uingie kwenye orodha ya miamala ya siku ukaangalie, kisha ndiyo ubonyeze tena. Mimi nampa kijana yule asilimia mia moja.

Mhasibu wa Migombani:

Ndugu yangu, mtu ambaye ameamua kwamba debiti, ambayo nafasi yake ni kushoto, ikae kulia hana haki ya kumfundisha mtu yeyote mahali pa kuangalia. Kwenye orodha ya miamala hapakuwa na kitu; muamala wa kwanza uliibuka siku ya pili yake, umeketi kimya kwenye akaunti ya mpito, ile ya kushikilia fedha kabla hazijaingia benki, kama mgeni asiyealikwa. Na hata ningekosea mimi, hivyo ndivyo mtu anavyojibiwa? "Mpendwa mteja, mfumo haukosei." Huyo "mpendwa" ndiye aliyeniuma zaidi.

Mzee wa Leja:

Vijana mnanichekesha. Sisi tulipokuwa mapokezi tulikuwa na ile mashine ya chuma, unalaza kadi, unaweka karatasi yenye kaboni juu yake, unasukuma mkono kwenda na kurudi, na namba zilizoinuka kwenye kadi zinajichapa. Kiasi kikizidi kikomo ulichopewa, unapiga simu kuomba idhini, unaandika namba ya idhini kwa kalamu. Mgeni hawezi kutozwa mara mbili bila wewe kuusukuma mkono mara mbili, na bega lingekukumbusha.

Fundi Msimbo:

Kama mtu anayeandika programu, naomba nimtetee mleta uzi. Kilichotokea ni kwamba ombi la kwanza lilifika, benki ikalikubali, ila jibu la kukubaliwa ndilo lililopotea njiani likirudi. Kwa hiyo skrini yake haikujua lolote na ikaandika kwamba imeshindikana, wakati ukweli ni kwamba haikuwa na habari. Programu iliyoandikwa kwa uangalifu hulipatia kila ombi la malipo namba yake ya kipekee, na mtumiaji akibonyeza tena hutuma namba ile ile, ili upande wa pili utambue kuwa ni ombi lile lile na urudishe matokeo ya kwanza badala ya kutoza upya. Hili ni jambo linalofahamika miaka mingi. Kutolifanya ni uzembe, na kumlaumu aliyetii maandishi ya skrini ni uzembe wa pili.

Debiti Kulia:

Fundi, maelezo ni marefu kuliko njia ya Lemosho. Kwa kifupi unasema mfumo umekosea?

Fundi Msimbo:

Ndiyo.

Mhasibu wa Migombani:

Naomba jibu hilo la neno moja lipigwe muhuri, nilichapishe, nilibandike juu ya meza ya bosi. Ndiyo! Mfumo umekosea!

Keshia Mstaafu:

Dada, kuna jambo umeliruka. Ungeligundua siku ile ile kabla mafungu ya miamala ya siku hayajafungwa na kupelekwa benki, ungeufuta ule wa pili, fedha zilizoshikiliwa zingeachiliwa, na makato yasingekuwepo. Ukishafungwa, kinachobaki ni kumrejeshea fedha, na hapo ndipo utakapolia kwa sauti, kwa sababu makato ya mwanzo kwa kawaida hawakurudishii. Wanakukata asilimia ngapi?

Mhasibu wa Migombani:

3.5. Maana yake kila dola 2,400 inaingia benki ikiwa dola 2,316, na nikimrejeshea mgeni dola zake 2,400 kamili, kampuni inakuwa imelipa dola 84 kwa heshima ya kutukanwa. Mgeni naye ananiandikia kwamba kwenye taarifa yake ya benki huenda zikarudi euro pungufu ya zilizotoka, kwa sababu kiwango cha kubadilishia cha siku ya kutozwa si cha siku ya kurejeshewa, na anataka tofauti hiyo niilipe mimi. Nimwambie nini? Nimwambie mfumo haukosei?

Mwalimu wa Mizania:

Hizo dola 84 umeziingiza wapi? Nauliza kwa sababu nimeshaona watu wanaandika mauzo ya dola 2,316 kwa kuwa ndizo zilizoonekana benki.

Debiti Kulia:

Na wako sahihi. Fedha ambayo sikuipokea siwezi kuiita mauzo.

Mwalimu wa Mizania:

Ndugu, mauzo ni dola 2,400, kwa sababu hicho ndicho ulichomuuzia mteja. Dola 84 ni gharama, zinakwenda kwenye makato ya benki. Malipo ya kadi yanaingia kwanza akaunti ya mpito kwa ukamilifu wake, kisha fungu likiingia benki unaihamisha dola 2,316 kwenda benki na dola 84 kwenda gharama, na akaunti ya mpito inabaki sifuri. Ukiandika pungufu, unakuwa umepunguza pia mauzo unayopaswa kuyatolea taarifa ya kodi, na TRA hawatakuuliza ulikatwa ngapi na kampuni za kadi. Watakuuliza stakabadhi ya mashine ya EFD inasema ngapi.

Debiti Kulia:

Mwalimu, miaka sita nafanya hivyo na sijaulizwa.

Mzee wa Leja:

Hilo ulilolisema usiliandike mahali penye watu wengi, mwanangu.

Bi Mkubwa wa Nungwi:

Nyinyi mnalilia dola 84? Subirini niwasimulie. Mgeni amekaa kwetu usiku tano, amekula pweza wa nazi hadi mpishi akamwita shemeji, amelipa kwa kadi, ameaga kwa machozi. Miezi miwili baadaye ameiambia benki yake kwamba muamala ule haufahamu. Haufahamu! Fedha zikavutwa kutoka kwenye akaunti yetu kwanza, maswali yakaja baadaye, pamoja na ada ya usumbufu juu yake, nami nikapewa siku chache za kutafuta fomu ya kujiandikisha, nakala ya stakabadhi na kila kinachoonyesha kwamba mtu huyo aliwahi kukanyaga mchanga wa Unguja. Sasa njooni kwenye programu: haina mahali pa kuandika kwamba malipo yamevutwa kwa kupingwa. Walinielekeza niufute muamala wenyewe. Nikaufuta. Mwezi ambao nilikwisha kuufunga na kuupeleka kwa mkaguzi ukafunguka na kubadilika wote, na mkaguzi akanipigia kuniuliza ikiwa nina maadui ofisini.

Mhasibu wa Migombani:

Pole sana, Bi Mkubwa, ila naomba tusitoke kwenye mada. Kwako walau hawakusema kwamba mfumo...

Bi Mkubwa wa Nungwi:

Walisema, mwanangu. Walilisema kwa Kiingereza.

Karani wa Mwembe Tayari:

Salamu kutoka Mombasa. Shida yangu mimi si mfumo, ni mkubwa wangu. Hataki mteja aingize kadi kila mara, kwa hiyo ameniagiza niandike namba zote za kadi katika sehemu ya maelezo ya mteja ndani ya programu, pamoja na zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi. Nimemwonyesha kwamba kanuni za usalama za kampuni za kadi zinakataza kabisa kuzihifadhi zile tarakimu tatu baada ya idhini kutolewa, hata kama umezificha kwa msimbo, na kwamba programu yenyewe ina njia ya kuihifadhi kadi bila sisi kuiona namba yake. Amenijibu kwamba daftari lake la simu ndilo lenye usalama kuliko zote. Nimelichungulia: kadi za wateja kumi na mmoja, na katikati yake dawa ya kikohozi cha mbuzi.

Keshia Mstaafu:

Ndugu Karani, ondoka hapo leo. Mleta uzi, hebu tuambie na wewe: zile sehemu za maelezo ya wateja kwenye programu yenu ni safi?

Debiti Kulia:

Tunasubiri.

Debiti Kulia:

Saa nzima sasa. Dada?

Mhasibu wa Migombani:

Nilikuwa nafanya usafi wa ofisi. Naomba turudi kwenye mada. Mada ni kwamba mhasibu wa miaka tisa ameambiwa mbele ya mwajiri wake, spika ikiwa wazi, kwamba mfumo haukosei, na hadi dakika hii tiketi yangu inasomeka "imetatuliwa", na hakuna hata mmoja aliyenipigia.

Mwalimu wa Mizania:

Tutarudi. Debiti Kulia, bado sijaridhika na zile dola 2,316. Usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha vitabu vyako na taarifa ya benki, unaufanyaje ikiwa fungu moja lina malipo ya wageni saba na limeingia kama tarakimu moja iliyokatwa?

Debiti Kulia:

Najumlisha, nikiona zinakaribiana nazikubalia.

Mwalimu wa Mizania:

"Zinakaribiana."

Mzee wa Leja:

Mtoto huyu atatuua.

Bi Mkubwa wa Nungwi:

Samahani, kabla hamjaendelea kuchinjana: mleta uzi, huo wimbo wa kusubirishia ulioukariri, ni ule unaoanza kwa filimbi?

Mhasibu wa Migombani:

Ndiyo huo huo. Filimbi, kisha kinanda, kisha sauti ya mama anayekushukuru kwa uvumilivu.

Karani wa Mwembe Tayari:

Kumbe kuna kinanda? Huku kwetu hukatika kwenye filimbi.

Keshia Mstaafu:

Kinanda kinaingia dakika ya nane. Lazima uwe na salio la kutosha.