Misuli inayokaza usiku: vuta unyayo kuelekea kwako, kwinini usiiguse

Ujumbe wa kwanza

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo.

Huu ni mwezi wa tatu naamshwa usiku na mguu. Nimelala zangu vizuri, mara kigimbi cha kulia kinakaza, kinakuwa kigumu kama jiwe, nabaki nimeng'ang'ania godoro mpaka kiachie. Asubuhi nachechemea. Kazi yangu ni ya kusimama kwa muda wa saa 12. Mmoja kaniambia nimepungukiwa madini. Mwingine kanipa vidonge vya kwinini, ile dawa ya malaria, alivyokuwa amehifadhi kwenye sanduku tangu alipohamia huku ughaibuni, anasema mzazi wake alikuwa akimeza kimoja kila usiku na miguu ikatulia. Viko hapa mezani, sijameza. Miadi ya daktari nimepewa baada ya wiki 3. Mnanishauri nini?

Jibu

Pole sana, mdogo wangu. Hivyo vidonge usimeze hata kimoja. Sababu nitakupa, ila kwanza tushughulikie usiku wa leo.

Mimi nahudumia wazee zamu ya usiku, mwaka wa 9 sasa, na kengele nyingi za saa nane na saa tisa usiku huwa ni za vigimbi. Mzee mmoja nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, machozi yanamtoka, anaukandamiza mguu kwa ngumi. Msuli ulikuwa umejikusanya hadi unaonekana kwa macho, umetuna chini ya ngozi. Nilimwomba alale chali anyooshe goti. Nikashika kisigino kwa kiganja, nikauegemeza unyayo wake kwenye mkono wangu na kuusukuma taratibu, vidole vikielekea usoni kwake. Hapo mwanzo maumivu yanazidi, usishtuke ukaachia. Kabla ya dakika moja kuisha nikausikia msuli ukilegea, akashusha pumzi.

Ukiwa peke yako, kaa, nyoosha goti, pitisha taulo chini ya unyayo karibu na vidole, uvute kuelekea kwako. Au simama ukanyage chini kwa kisigino, utembee hatua chache kwa visigino. Kisha kanda kigimbi kwa mikono. Kitambaa cha moto kinasaidia kwa yale maumivu yanayobaki, ambayo yanaweza kuendelea hadi kesho yake.

Kwa nini usiku? Inadhaniwa ni hivi. Ukilala, unyayo huinama wenyewe, vidole vikaelekea chini, na blanketi zito lililochomekwa kitandani huzidi kuukandamiza. Kigimbi kinakuwa tayari kimejifupisha. Mshipa wa fahamu ukikipa amri ya kukaza, hakuna kinachokivuta upande wa pili, basi kinakaza moja kwa moja. Ndiyo maana kuvuta unyayo kuelekea usoni kunakilegeza. Kwa hiyo chomoa blanketi upande wa miguu, na ukilala kifudifudi acha nyayo zining'inie nje ya godoro.

Chanzo chenyewe mara nyingi hakipatikani. Umri unachangia, kwa sababu baada ya miaka 60 tatizo huwapata wengi. Ujauzito nao, hasa miezi mitatu ya mwisho. Kusimama kutwa, kama wewe, au kukaa kutwa. Kuna kupungukiwa maji mwilini, kisukari, figo, ini, tezi ya shingo. Halafu kuna dawa, na hapa ndipo watu wengi hawaangalii: zile za presha zinazoongeza mkojo, na baadhi ya dawa za pumu za kuvuta. Siku ya miadi tia kila unachomeza kwenye mfuko mmoja, hata ulichotoka nacho nyumbani, umwoneshe daktari. Kama lugha inakusumbua, gusa mahali penyewe, kunja ngumi kuonesha msuli unavyokaza, na mtajie tarehe ulizoamshwa. Ziandike kuanzia leo.

Kuhusu madini, watu hununua sana magnesiamu. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yalikusanya majaribio yaliyofanyika, yakaona kwa watu wazima wenye umri mkubwa haielekei kuleta nafuu ya maana. Kwa wajawazito majibu yanapingana. Mimi singetoa pesa yangu.

Mazoezi ya kunyoosha, hayo nayaamini. Uholanzi walijaribu kwa watu 80 wenye zaidi ya miaka 55, wakinyoosha vigimbi na nyuma ya mapaja kila usiku kabla ya kulala kwa wiki 6. Matokeo yalitoka 2012: waliofanya walibanwa mara chache kuliko wasiofanya. Simama mbali kidogo na ukuta, uegemee kwa viganja, visigino visinyanyuke, sogeza kifua mbele hadi uhisi kigimbi kinavutika. Hesabu hadi 10, pumzika, rudia mara 3.

Sasa kwinini. Mzazi wa huyo ndugu hakudanganya, inapunguza kukaza kwa kiasi. Lakini inaweza kushusha chembe za damu zinazozuia kuvuja, ikavuruga mapigo ya moyo, na imeua watu. Marekani, Mamlaka ya Chakula na Dawa iliamuru Desemba 2006 kwinini zisizoidhinishwa ziondolewe sokoni, na iliyobaki imeidhinishwa kwa malaria tu. Waliowahi kuimeza wanakumbuka masikio yalivyovuma. Kwa malaria kali hatari hiyo inabebeka. Kwa kigimbi, hapana, mdogo wangu.

Jibu jingine

Dada kaeleza vizuri, naongeza moja maana nusura linigharimu. Nilishuka kwenye ndege baada ya safari ndefu, kigimbi cha kushoto kinauma. Nikasema ni misuli, nikakanda siku mbili. Lakini hakikukaza na kuachia. Kiliuma mfululizo, kikavimba kuliko cha pili, kikawa na joto. Lilikuwa ni bonge la damu kwenye mshipa. Ukiona mguu mmoja umevimba hivyo, usikande na usingoje miadi, nenda siku hiyo hiyo. Na pumzi ikianza kubana au kifua kikiuma, piga simu ya dharura hapo hapo.

Ujumbe wa mwuliza swali

Asanteni sana ndugu zangu, nilirudi kwa daktari jana. Nilipotoa mfuko wa dawa aliangalia ile ya presha niliyoanzishwa miezi minne iliyopita. Ni ya kuongeza mkojo. Amenipima damu, akanibadilishia, na akanionya nisiache dawa kwa uamuzi wangu mwenyewe. Kunyoosha ukutani nafanya kila usiku. Wiki hii nimebanwa mara mbili, zamani ilikuwa karibu kila siku, na zote mbili nilivuta kwa taulo ikaachia. Vile vidonge nimevipeleka duka la dawa, wamevipokea wakaviteketeze.