Faini ya dawa za kisukari, na mama asiyesoma Kiingereza

Leicester
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mama mkwe, mzaliwa wa Maskati mwenye miaka 57, ana kisukari na anatumia vidonge vya metformini na gliklazidi. Juzi aliletewa barua ya faini kwa sababu alichukua dawa bila malipo ilhali cheti chake cha msamaha wa kulipia dawa kilikuwa kimeisha muda. Alitia saini asichokielewa, kwani anasoma Kiarabu tu. Je, tukipeleka FP92A, yaani fomu ya kuomba cheti hicho, sasa, faini hiyo itafutwa?

Birmingham
Wa alaykum salaam. FP92A huchukuliwa kwa GP (daktari wa familia) na husainiwa huko, kisha cheti hudumu miaka 5 au hadi mtu atimize miaka 60, lolote litakalotangulia. Lakini tatizo kubwa ni kwamba hakuna aliyemweleza. Shemeji yangu alikuwa akimtafsiria mama yake, na mama akaona haya kumwambia mwanawe kwamba ameacha sindano kwa kuamini kuwa insulini yote hutokana na nguruwe. Mfamasia wa Kisudani ndiye aliyemtoa hofu, kwa Kiarabu, bila mtoto kuwapo.

London (mfamasia)
Naomba tuwe waangalifu: insulini ya nguruwe ilikuwapo kweli, ila zinazotumika sana leo hutengenezwa maabara. Mama aombe NMS, yaani huduma ya mfamasia kwa anayeanza dawa mpya, kila anapoanzishiwa dawa mpya ya kisukari, na aombe mkalimani badala ya mjukuu. Ramadhani pia isisubiriwe hadi mwezi uandame, kwa sababu gliklazidi inaweza kushusha sukari ya mfungaji, na GP ndiye wa kubadilisha kipimo na saa ya kumeza, akipanga kati ya futari na daku. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L kwenye kipimo cha damu, afuturu papo hapo. Wanazuoni wengi wanasema kupima damu kidoleni hakubatilishi saumu, na mgonjwa akilisikia hilo kwa lugha yake hukubali kupima.

Cardiff
Huku Wales dawa ni bure kwa wote tangu 2007, kwa hiyo mambo ya cheti hatuyajui. Ni siasa tu inayowabana wagonjwa wa England.

Birmingham
Ndugu wa Cardiff, hayo hayamsaidii mama wa watu. Kule Mombasa mwenye duka la dawa alikujua wewe na babako, akakuuliza umekula nini. Hapa mama wa Kiomani hupewa karatasi ya vyakula inayotaja viazi na mkate, wala haitaji tende, wali wala halua anayokula na kahawa kila alasiri.

London (mfamasia)
Tende hazikatazwi, zihesabiwe pamoja na wali. Mletee mfamasia sahani yake halisi, hata kwa picha ya simu.

Leicester
Ahsanteni, nitampeleka. Ila kuhusu faini bado sijajibiwa, na barua ina tarehe ya mwisho.