Naandika kitabuni, naandika kwenye kompyuta, na mama aliyepotea bado simjui

MkungaKilolo

Kamwene wakuu. Mimi ni muuguzi mkunga, zahanati moja huku Kilolo, Iringa, milimani kabisa, ambako masika gari la wagonjwa linafika likipenda. Tuko watatu: mimi, tabibu na mhudumu mmoja. Mwaka jana tuliletewa kompyuta mbili na sola, tukafundishwa siku tatu, tukaambiwa kila mgonjwa aingizwe kwenye mfumo. Vitabu vya MTUHA, vile vya kumbukumbu za wagonjwa na ripoti, havikuondoka. Kwa hiyo Alhamisi, siku ya kliniki ya wajawazito, mama mmoja namwandika kwenye kadi yake, namwandika kitabu namba 6 cha wajawazito, naweka alama kwenye karatasi ya kujumlishia, halafu namwingiza kwenye kompyuta. Foleni ikizidi naiacha kompyuta hadi jioni, na jioni nimechoka, presha ya huyu nampa yule. Nakiri.

Kilichonileta ni hiki. Mwezi huu alikuja mama, mimba ya miezi minane, uso umevimba, kichwa kinamuuma, presha 160 kwa 110. Kadi yake ililowa akivuka mto, wino wote umetiririka. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: mara ya mwisho presha yake ilikuwaje? Kitabuni, bila namba ya kadi, ni kufunua ukurasa kwa ukurasa. Kwenye kompyuta nikatafuta jina, wakaja watatu, jina moja na ubini mmoja (huku ukoo mmoja unajaza kijiji). Namba ya simu ilikuwa ya mume, na mume alishabadili laini. Nikaachana nayo, nikamdunga dozi ya kwanza ya magnesiamu kuzuia kifafa cha mimba, nikapiga 115 ya usafiri wa dharura, akapelekwa hospitali. Amejifungua salama, mtoto wa kike.

Baadaye ndipo nikagundua alikosa mahudhurio mawili na hakuna aliyejua, si mimi, si kitabu, si kompyuta. Na ripoti yangu ya mwezi ilifika wilayani kabla ya tarehe 7, nikasifiwa kabisa.

Wenzangu, mnaitumiaje hii mifumo ikamsaidia mgonjwa mwenyewe?

FundiTakwimu

Pole dada, na hongera kwa huyo mama. Nipo TEHAMA halmashauri moja mkoa wa Mbeya, kesi kama yako naziona sana.

Watu wanachanganya mifumo miwili. Takwimu zako za mwezi zinaingia DHIS2, mfumo wa takwimu za afya wa Chuo Kikuu cha Oslo, chimbuko lake Afrika Kusini miaka ya 1990, na hapa kwetu ilishasambaa nchi nzima kufikia 2013. Kwenye ripoti ya mwezi ile inahesabu vichwa tu. Ukipeleka "hudhurio la kwanza, 14", inapokea 14, majina haina. Hata uibembeleze haitakwambia nani kapotea. Wa pili ni mfumo wa kituoni, wa mgonjwa mmoja mmoja, mfano GoT-HoMIS. Huu ndio unaoweza kukuonyesha mtu, ila lazima mtu huyo awe ameandikiwa tarehe ya kurudi. Kaangalie wangapi wanayo. Nahisi utacheka.

Halafu watembelee wenzako wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU. Kila mteja ana namba yake ya kudumu na tarehe ya kurudi, asiyetokea jina lake linakwenda kwa mhudumu wa jamii akamtafute. Kompyuta zao ni zile zile chakavu. Ila kuna mtu anaisubiri ile orodha, isipotoka anauliza.

BibiMkungaTukuyu

Ugonile mwanangu. Nimestaafu, kompyuta nilizikimbia, lakini hili lako tulishalifanya kwenye chanjo za watoto. Tafuta sanduku, ligawe vyumba 12, kila chumba mwezi. Mama akija, nakala ndogo ya kadi yake unaitia kwenye mwezi wa kurudi. Mwezi ukiisha, kadi zilizobaki mle chumbani ndio waliokosa. Hakuna umeme, hakuna neno la siri.

Na simu usichukue ya mume peke yake. Chukua ya mama mkwe. Mama mkwe habadili laini, na mjukuu wake hamwachi.

MzeeMafinga

Mimi ni mgonjwa tu. Juzi nimekaa masaa matatu hospitali moja kwa sababu "mfumo uko chini". Dawa yangu ya presha naiona kwenye shelfu kwa macho yangu, dirishani wananiambia haitoki mpaka malipo yasome. Presha yenyewe ikapanda nikiwa palepale. Wekeni karatasi ya dharura jamani, mtaingiza mfumo ukirudi.

MkungaKilolo

Asanteni, bibi na mzee shikamooni. Wazo: nikipiga picha ukurasa wa kitabu niwatumie wahudumu wa jamii kwenye kundi letu la WhatsApp, si ndiyo rahisi zaidi?

FundiTakwimu

Usithubutu. Ukurasa mmoja wa kitabu 6 una majibu ya vipimo vya kina mama wote wa siku hiyo, VVU humo humo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, kijiji chenu ni kidogo. Mpigie mhudumu, mtajie jina na kitongoji, basi.

MkungaKilolo

Wiki sita baadaye, nimerudi.

Nilikagua kompyuta kama Fundi alivyosema: kina mama 31, wenye tarehe ya kurudi 6. Sikucheka. Sasa tarehe naiingiza mama akiwa mbele yangu, hata kama mengine nitayamalizia jioni, pamoja na jina la kitongoji na simu mbili. Sanduku nimetengeneza kwa katoni la glavu, kwa sababu bei ya seremala ilinitisha.

Mwisho wa mwezi zilibaki kadi 7. Mmoja amekwenda kujifungulia kwa mama yake Njombe. Mmoja anahudhuria zahanati nyingine karibu na barabara, yuko vizuri kuliko wa kwangu. Mmoja yuko Ilula kwenye vibarua vya nyanya, kaahidi kuja. Wanne waliobaki wote wanatoka kitongoji kimoja, ng'ambo ya ule mto uliolowesha kadi. Mwaka mzima nimekuwa nikiandika "mtoro" pembeni ya majina yao, kumbe mto umejaa.

Nikachapa orodha ya kitongoji kile, nikampelekea mganga mfawidhi, naye akaipeleka wilayani. Tumekubaliwa huduma ya mkoba mara moja kwa mwezi hadi mvua ziishe. Jumanne tulivuka na mashine ya presha, tukapima kina mama tisa chini ya mti, wawili sijawahi kuwaona katika kliniki yangu. Mmoja wao presha 150 kwa 100, na alikuwa anajisikia mzima.

Vitabu bado naandika, hilo msiniulize. Swali langu la leo: ukungu ukikaa siku tatu betri ya sola inakufa saa nane mchana. Huko Makete mnatumia betri gani?