Pointi za leseni zinakaribia kujaa, naomba ushauri

Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Leseni yangu ilishakula pointi mara mbili, ya kwanza spidi, ya pili nilishika simu kwenye foleni nikijua gari likisimama hakuna kosa kumbe bado unahesabika unaendesha (hapo uzembe wangu, sikatai). Sasa juzi imekuja barua, kamera imenasa gari langu likipita taa nyekundu, ila siku hiyo alikuwa nalo shemeji na mwenyewe anakubali kabisa. Namba iliyopo kwenye barua napiga haipokelewi, nikaingia mtandaoni naona machaguo mawili tu, kulipa au kupinga. Naogopa nikilipa ili yaishe nitakuwa nimekubali kosa na pointi zinakuja kwangu, zikijaa leseni inafungiwa na mimi kuendesha ndo kazi yangu.

Aliyewahi kuhamishia kosa kwa dereva halisi alifanyaje, maandishi ya shemeji na kopi ya leseni yake vinatosha au lazima twende wote? Na pointi za zamani muda wa kufutika unahesabiwa toka siku ya kosa au siku uliyolipa? Siku za kujibu barua zinaisha wiki ijayo.