Nyimbo za kwaya kwenye flashi: simu inapiga, redio ya gari inagoma

mwimba_besi
Wakuu habari za leo. Nina Probox, redio ni ileile iliyokuja nayo kutoka Japani, FM yake inaishia 90 kwahiyo stesheni nyingi za huku haikamati, nategemea flashi tu. Nimejaza nyimbo za kwaya yetu, zingine tumerekodi kwa vois noti za WhatsApp, zingine nimeshusha mtandaoni. Kwenye simu zote zinapiga safi. Kwenye gari sasa, zile za WhatsApp redio haizioni kabisa, nikizibadilisha jina ziishie .mp3 inaziona ila inaziruka moja baada ya nyingine. Za .m4a kuna zinazopiga vizuri na kuna ambazo sauti inatoka nzito, kayamba halisikiki kabisa. Halafu kuna mp3 ya dakika 6 redio inaandika 24!! Flashi ni FAT32 (mpangilio wa kuhifadhi mafaili), nimeshahakikisha. Tatizo redio au mafaili?

kaka_mwanza
Weka redio ya Android mkuu, hizo za kijapani zina wenyewe

fundi_sauti
@mwimba_besi usinunue kitu kwanza. Redio nzima na mafaili mazima, ila hawaelewani lugha.

Yale maneno ya mwisho wa jina la faili hayagusi kilichomo ndani. Vois noti ya WhatsApp ni Opus (namna ya kubana sauti) iliyowekwa ndani ya Ogg (chombo cha kuibebea), na Opus imekuwa kiwango rasmi 2012 tu, redio nyingi za aina yako zinajua MP3 na WMA, zikijitahidi sana AAC. Sasa ukiipa redio Opus yenye jina la mp3, dekoda ya MP3 (kifungua sauti iliyobanwa) inaanza kutafuta alama ya mwanzo wa fremu (kipande kidogo cha wimbo), yani biti 11 mfululizo zote ziwe 1. Kwenye MP3 ya kweli ikishaipata inasoma kichwa cha fremu (bitireti yani biti ngapi kwa sekunde, sampuli yani vipimo vya sauti ngapi kwa sekunde, stereo au mono), inafungua namba zilizobanwa kwa mtindo wa Huffman (zinazojirudia sana zinapewa kodi fupi), inazirudishia ukubwa wake, ndo inazigeuza kutoka masafa kuwa wimbi la sauti. Kila fremu inatoa sampuli 1152, kwa sampuli 44100 kwa sekunde ni kama milisekunde 26 za wimbo, halafu inayofuata, hivyohivyo mpaka mwisho. Kwenye faili lako inatafuta fremu zinazofuatana hivyo haizipati, inaruka. Na ni afadhali iruke kuliko ikupigie makelele.

Hizo m4a nzito ndo zinanivutia zaidi. m4a ni chombo tu, ndani inaweza kukaa AAC ya kawaida (AAC LC), HE-AAC au hata ALAC. Nahisi hizo ni HE-AAC. Humo masafa ya chini ndo yamehifadhiwa kwa sampuli nusu, mfano 22050, na ya juu yameachiwa maelekezo machache ili dekoda iyajenge yenyewe kutokana na yale ya chini. Dekoda ya zamani haiyajui yale maelekezo, inayapita, inakupigia nusu ya chini peke yake ambayo haiwezi kuvuka kHz 11. Kayamba linaishi sana huko juu ndo maana limepotea. Simu yako inajua kujenga, kwahiyo huko husikii tofauti.

Fungua faili moja zuri na moja baya kwenye MediaInfo (programu inayoonyesha kilichomo ndani ya faili), utuambie imeandika nini.

binti_wa_tanga
Naongezea hapo kwenye dakika 24. Hiyo mp3 itakuwa ya VBR, bitireti inapanda na kushuka kulingana na wimbo. Faili likikosa kichwa cha Xing kinachotaja idadi ya fremu, redio inachukua bitireti ya fremu ya kwanza inagawanya ukubwa wa faili. Wimbo ukianza na kimya fremu ya kwanza inaweza kuwa kbps 32, wastani wa faili zima ni 128, basi muda unazidishwa mara 4. Sita mara nne, ishirini na nne. Wimbo wenyewe hauna shida, utapiga mpaka mwisho.

mwimba_besi
Dah asanteni sana. Nimeangalia, zinazopiga vizuri imeandika AAC LC, zile nzito zote HE-AAC kama ulivyosema. Sasa nikizigeuza kuwa mp3 kayamba linarudi au ndo limeshapotea jumla?

fundi_sauti
Linarudi, kwasababu ffmpeg (programu ya kugeuza mafaili kwa komandi) ya kwenye kompyuta inajenga yale masafa ya juu kwanza ndipo inaandika mp3. Tumia hii:

ffmpeg -i wimbo.m4a -vn -c:a libmp3lame -b:a 192k -ar 44100 wimbo.mp3

Hapo bitireti ni moja mwanzo mwisho kwahiyo hata dakika zitasomeka sawa. Hiyo -vn inatoa picha ya kava, maana redio zingine picha ikiwa kubwa zinakwama. Za WhatsApp badilisha jina la faili tu kwenye komandi, na 96k zinatosha, ni mono zile. Zile za AAC LC ziache kama zilivyo, kila ukibana upya kuna kitu kinapotea. Mp3 ya dakika 24 usiibane tena, ipitishe tu kwa -c:a copy, ffmpeg itaiandikia kichwa kipya bila kugusa sauti, ingawa sina uhakika kama redio yako inakisoma. Na mafaili ya mwanzo usiyafute, mkija kupata redio nyingine mtageuza kutoka hapo.

binti_wa_tanga
Na mwambie anayerekodi kwaya aache vois noti, ile imebanwa kwa ajili ya maongezi. Arekodi kwa programu ya kurekodi ya simu halafu atume kama dokumenti, inafika bila kubanwa tena.