Mabomba ya nje na paipu za darini kabla ya baridi kali ya Texas

Mzigua wa Fort Worth aliuliza:

Ndugu zangu, habari za majukumu.

Mimi na familia yangu tulihamia Fort Worth, Texas, tukitokea Tanga, na kwa miaka mitatu tulipanga katika jengo la ghorofa ambako kila jambo la maji lilikuwa juu ya mwenye nyumba. Mwezi Agosti tulinunua nyumba yetu ya kwanza, ya matofali, isiyo na ghorofa, iliyojengwa mwaka 1986. Sasa Novemba inaishia, nami ninakabiliwa na jambo ambalo sikukulia nalo, kwa maana nyumbani tulichokuwa tukikihofia ni bomba kukauka, si maji kuganda ndani yake.

Nyumba ina mabomba mawili ya nje, moja ukuta wa mbele na jingine ukuta wa nyuma unaotazama kaskazini, na mpira wa kumwagilia bustani umefungwa kwenye hilo la nyuma tangu tulipohamia. Jirani wa kulia, mzee aliyeishi mtaa huu miaka mingi, ameniambia nilivalishe kila bomba taulo kuukuu na mfuko wa plastiki, basi. Jirani wa kushoto anasema taulo ni kujidanganya, na kwamba usiku wa baridi kali niyaache mabomba ya ndani yakichuruzika. Shemeji yangu aliye Minnesota ananicheka na kusema nifunge koki ya ndani inayolisha bomba la nje kisha nimwage maji yaliyobaki, lakini nimeitafuta koki hiyo chini ya masinki yote na nyuma ya hita ya maji, sikuiona.

Naomba kuelekezwa ni yupi kati yao nimsikilize. Aidha, tunakusudia kusafiri wiki mbili za mwisho wa Desemba na nyumba itabaki tupu. Natanguliza shukrani.

Fundi wa Columbus alijibu:

Ndugu Mzigua, hongera kwa nyumba. Mimi ni fundi bomba, mzaliwa wa Mombasa, na kazi hii nimeifanya hapa Ohio kwa zaidi ya miaka kumi. (Sisi bomba la maji tunaliita mfereji, lakini nitakufuata wewe.)

Kabla ya kuwaamua majirani zako, yafaa kuelewa paipu hupasuliwa na nini. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na wengi hudhani kwamba barafu huzisukuma kuta za paipu papo hapo mpaka zikaachana. Mara nyingi mambo huenda vingine. Barafu hufanya kizibo, kizibo hicho hurefuka kufuata paipu, na maji yaliyo kati yake na bomba lililofungwa hukosa pa kwenda. Shinikizo hupanda mpaka sehemu iliyo dhaifu ifumuke, nayo yaweza kuwa hatua kadhaa kutoka ilipo barafu, hata mahali penye joto. Jambo hili lilifanyiwa majaribio katika Chuo Kikuu cha Illinois miaka ya 1990, na huko ndiko kulikotoka kipimo cha tahadhari cha nyuzi 20 za Farenhaiti, yaani karibu nyuzi 7 za Selsiasi chini ya sifuri. Kipimo hicho kinawahusu zaidi ninyi wa kusini, ambao nyumba zenu hupitisha paipu darini na ndani ya kuta za nje, kuliko sisi ambao paipu zetu nyingi hupita chumba cha chini ya ardhi, ndani ya joto la nyumba.

Kwa hiyo jirani wa kushoto ana hoja. Uzi mwembamba wa maji unaotoka bombani huliachia shinikizo njia, hata kama barafu imeanza kujijenga mahali. Chagua bomba lililo mbali zaidi na mahali maji yanapoingilia nyumbani, pamoja na sinki lolote lililo kwenye ukuta wa nje, na ufungue upande wa maji baridi na wa maji moto pia, kwa kuwa paipu ya maji moto iliyotulia usiku kucha nayo hupoa na kuganda. Milango ya makabati chini ya masinki hayo iache wazi ili joto la chumba lizifikie paipu. Kama una watoto wadogo, ondoa kwanza sabuni na dawa za kusafishia.

Shemeji yako naye hakukosea, ila anaizungumzia nyumba ya Minnesota. Nyumba nyingi za Texas hukaa juu ya bamba la zege, na bomba la nje hutoka ukutani bila kuwa na koki yake ndani. Usiendelee kuitafuta. Itafute koki kuu, ambayo huwa katika kisanduku kilichofukiwa karibu na barabara, kando ya mita.

Sasa mabomba yenyewe. Yako ya namna mbili, na ni rahisi kuyatofautisha. La kawaida huwa na kipini kilichoinama juu ya mdomo, na kinachozuia maji kiko pale pale nje, kwenye baridi. La shina refu huwa na kipini kinachotazamana nawe, sambamba na ukuta, na kinachozuia maji kiko ndani kabisa, sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, upande wenye joto. Ukilifunga hili la pili, maji huendelea kudondoka kwa sekunde chache kwa sababu shina linajimwaga lenyewe. Lakini hujimwaga ikiwa tu mdomo uko wazi. Mpira ukibaki umefungwa, maji hunaswa ndani ya shina, yakaganda, shina likapasuka ndani ya ukuta, na wewe usijue lolote mpaka siku ya Aprili utakapofungua bomba umwagilie maua na maji yakaanza kutiririka chini ya zulia la sebuleni. Nimefungua kuta nyingi kwa sababu ya mpira wa bustani kuliko kwa sababu nyingine yoyote. Kwa hiyo, kabla hujamaliza kusoma, nenda ukaufungue huo mpira.

Taulo la jirani wa kulia silidharau, mradi libaki kavu. Likilowa huganda na kuwa sehemu ya tatizo. Kofia ya sponji ngumu inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni bora, nayo hufanya kazi kwa kuhifadhi joto dogo linalopenya ukutani kutoka ndani, kwa hiyo lazima kingo zake ziukamate ukuta bila mwanya. Vivyo hivyo sponji ya kuvalisha paipu za darini: haitengenezi joto, hukawiza tu baridi kufika. Kwa paipu isiyofikiwa na joto kabisa, kuna waya wa umeme wa kupasha paipu; nunua wenye kidhibiti joto, ufuate maelezo yake, na usiuache ukajipanda juu yake wenyewe, kwani hapo huungua.

Mama Rehema, Dallas alijibu:

Mwanangu Mzigua, Fundi amesema vyema, lakini maelezo yake yanachukulia kwamba umeme upo. Mimi naandika kwa sababu ya Februari 2021.

Tarehe 16 mwezi huo kipimo cha uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth kilishuka mpaka nyuzi 2 za Farenhaiti chini ya sifuri, ambazo ni karibu nyuzi 19 za Selsiasi chini ya sifuri, na wakati huo huo mamilioni ya nyumba za Texas hazikuwa na umeme. Mabomba ya nje nilikuwa nimeyavalisha kofia, na hayakudhurika. Kilichonifika kilitoka darini. Usiku ule wa baridi yenyewe hatukuona dalili yoyote isipokuwa bomba la jikoni lililogoma, likatoa matone mawili matatu kisha kimya, nasi kwa ujinga wetu tukalifunga. Umeme uliporudi na nyumba ikaanza kupata joto, nilisikia kitu kama mvua inayonyesha juu ya bati, ilhali nje jua lilikuwa linawaka. Nilipoinua macho, jipsamu ya dari ilikuwa imetuna kama shavu la mwenye jino bovu. Mume wangu alitoka mbio kwenda kufunga koki kuu na kukuta kifuniko cha kisanduku kimegandia chini ya barafu. Alikipiga kwa nyundo kwa dakika nyingi huku mimi nikitoboa dari kwa bisibisi na kukinga ndoo ili isituangukie yote kwa pamoja. Fundi tuliyemwita alipokuja kuikata paipu ile ya shaba alinionyesha mpasuko wenyewe: urefu wa kidole, kingo zimefunuka nje kama mdomo wa samaki.

Kwa hiyo jambo ninalokusihi ni kwamba uijue koki kuu sasa, ukiwa na mwanga na udongo ukiwa laini. Nunua ufunguo wake mrefu, ufunge na kufungua mara moja kwa majaribio, na watoto wakubwa nao wafundishwe. Bomba likigoma, liache wazi, kisha uanze kupasha paipu kwa mashine ya kukaushia nywele ukianzia upande wa bomba na kurudi nyuma, ili maji yanayoyeyuka yapate pa kutokea. Moto wa gesi usiusogeze hata kidogo. Mtu mmoja akae karibu na koki kuu, kwa sababu paipu iliyopasuka hujulikana pale inapoyeyuka.

Umeme ukikatika na baridi ikiwa chini ya kile kipimo alichokitaja Fundi, siku hizi sisubiri. Nafunga koki kuu, nafungua bomba la nje lililo chini kuliko yote pamoja na mabomba ya ndani ili hewa iingie, na nayaacha wazi. Maji ya kunywa na ya chooni nakuwa nimeyakinga mapema kwenye madumu. Kama una hita isiyo na tangi iliyofungwa ukuta wa nje, kumbuka kwamba kinga yake dhidi ya kuganda inategemea umeme, kwa hiyo nayo imwagwe. Na jiko la mkaa lisiingie ndani, wala jenereta au gari lisiwashwe gerejini. Mwaka ule watu walikufa kwa hewa ya sumu itokayo humo wakitafuta joto.

Mkazi wa Houston alijibu:

Naongeza neno moja kuhusu kuchuruzisha maji. Nakubali hoja ya shinikizo, lakini Februari hiyo hiyo ya 2021 uongozi wa jiji letu ulituomba tusiache maji yakichuruzika, kwa sababu nyumba zote zikifanya hivyo huku paipu nyingine zimepasuka, mfumo wa jiji unakosa nguvu na hospitali zinakosa maji. Kwa hiyo sikiliza matangazo ya mji wako kwanza, na mji ukikataza, fuata njia ya Mama Rehema ya kufunga na kumwaga.

Pia, ndugu Mzigua, hukutaja kama una mfumo wa kumwagilia majani kwa paipu za chini ya ardhi. Kama upo, kuna kifaa cha shaba kilichosimama nje, chenye vipini viwili, ambacho huzuia maji ya bustani yasirudi kwenye maji ya kunywa. Hapa Texas hicho hupasuka mapema kuliko bomba lolote. Funga maji yake kwenye koki iliyo chini ya ardhi, fungua viskurubu vidogo vya pembeni yatoke yaliyobaki, kisha uviache vipini vikiwa nusu, si wazi wala si fungwa, ili maji yasinaswe ndani ya koki zenyewe.

Mzigua wa Fort Worth aliandika:

Mama yangu, shikamoo, na ninyi ndugu zangu, asanteni sana. Mpira nimeufungua na kuutundika gerejini. Kisanduku cha mita nimekifukua kwa mwiko, kilikuwa kimejaa udongo mpaka juu, na ndani yake mna koki mbili, moja ya mji na moja yangu. Nilipoifunga yangu robo mzunguko, maji ya bomba la jikoni yalikatika ndani ya nusu dakika. Mfumo wa kumwagilia majani hatuna.

Bomba la mbele ni la shina refu. La nyuma, la kaskazini, ni la kawaida, na hata nikilikaza kwa nguvu linadondosha tone moja kila baada ya sekunde kadhaa. Je, nilivalishe kofia hivyo hivyo? Na safarini nifunge tu koki kuu, au niache joto pia?

Fundi wa Columbus alijibu:

Safarini, vyote viwili. Funga koki kuu, mwaga maji kama alivyoeleza Mama Rehema, vuta vyoo, na kidhibiti joto cha nyumba usikishushe chini ya nyuzi 55 za Farenhaiti, takriban 13 za Selsiasi, kwa sababu maji hayamwagiki yote na hita yako bado ina tangi lililojaa. Hita hiyo kama ni ya umeme, izime kwenye swichi yake kuu ya ukutani kabla ya kuondoka, isije ikawaka bila maji. Kuna faida nyingine: yakitokea maafa, kampuni za bima huuliza kama nyumba iliachwa na joto.

Bomba la nyuma usilivalishe kofia likiwa linavuja. Tone linalotoka polepole namna hiyo huganda mdomoni, likaongezeka juu yake jingine, mpaka kizibo kikajijenga kuelekea ndani. Ndani ya bomba hilo mna washa (kipete kidogo cha mpira cha kuzuia maji) iliyolika, nayo huuzwa kwa bei ndogo sana. Funga koki kuu, fungua nati iliyo nyuma ya kipini, vuta shina, toa skurubu moja mwishoni, nenda dukani na washa kuukuu mkononi ili upate ya ukubwa ule ule. Likishakauka kabisa, ndipo ulivalishe kofia.