4K iliyochongwa hedi: Mbeya safi, nikishuka Kitonga inagonga

Mwana Uyole: Wakuu habari za jioni. Nina Corolla KE70 ya 1982, injini 4K, hedi (kifuniko cha juu ya silinda) imechongwa na kemshafti (shafti ya kufungua vali) imebadilishwa, imewekwa kali. Sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) ilikuwa haitulii, fundi wa hapa akazungusha disitributa (kigawa moto wa plagi) kwa sikio mpaka ikakaa. Mlima Nyoka inapanda vizuri kabisa. Shida ni safari ya Dar: nikishamaliza Kitonga, kuanzia Ruaha Mbuyuni hadi Mikumi, nikikanyaga mafuta inagonga kama kokoto kwenye kopo. Petroli mbaya?

Mpenda Mkweche: Weka plagi za baridi zaidi mkuu. Na platini (swichi ya moto ndani ya disitributa) umeziangalia?

Mzee wa Mafinga: Kijana wangu, plagi ziache kwanza. Mbeya ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi, silinda haijai sawasawa, injini inavumilia moto wa mapema, yaani cheche ya plagi kabla pistoni haijafika juu. Ukishuka hewa ni nzito, joto kali, na hedi yako imeshapandisha kompresheni. Acha kuikanyaga hivyo, utatoboa pistoni, na 4K nzuri inauma kuipoteza kwa taimingi (wakati wa cheche) tu.

Kemshafti kali inataka moto wa mapema kwenye sailensa, hapo fundi wako yuko sahihi. Tuseme ameweka digrii 16 za mzunguko wa kranki (shafti kuu ya injini) badala ya 8 za kiwandani. Revu zikipanda, vizito vya ndani ya disitributa, vinavyofunguka kwa kasi, vikiongeza 24, unafika 40. Nyingi mno! Lenga jumla 32. Ukirudisha disitributa nyuma tu, sailensa itaharibika tena. Punguza mwendo wa vizito: pale kwenye tundu linalovizuia visifunguke zaidi, fundi ajaze kidogo kwa kulehemu, apige tupa. Disitributa inazunguka nusu ya kranki, kwa hiyo kupunguza 8 ni 4 tu mle ndani.

Kupima, chomoa hosi ya vakyumu (mpira wa mvuto wa hewa unaosogeza taimingi) uizibe. Zungushia puli ya kranki uzi. Mzingo ukiwa milimita 420, digrii 32 ni milimita 37. Piga rangi upande unaopita kwenye kielekezo kabla ya alama ya sifuri, kisha mulika taa ya taimingi huku ukipandisha revu mpaka alama iache kusogea. Rangi ikae kwenye kielekezo.

Mwana Uyole: Shikamoo mzee, asante sana. Hosi niirudishe?

Mzee wa Mafinga: Marahaba. Rudisha, ila inyonye kwanza kwa mdomo kifuniko cha disitributa kikiwa wazi. Sahani ya platini isiposogea, daiframu (utando unaovutwa na vakyumu) imechanika. Na nafasi ya platini weka milimita 0.45 kabla ya yote, maana ukigusa nafasi yake taimingi nayo inahama.